Mayai ya Shangazi na Amri Isiyotazama

Benchi letu liko mbele ya duka la kinyozi: ubao mmoja juu ya matofali ya saruji, na chupa ya kahawa inayokaa dirishani kati ya mafuta ya nywele na kopo la poda. Mwenye duka tunamwita Makasi. Ananyoa kwa mkono na kubishana kwa mdomo, na hasara yote huishia kichwani kwa mteja. Pembeni ya mlango hukaa Muhuri, karani mstaafu wa mahakama, ambaye akikosa hoja hutoa methali, na methali zake ni kama suti ya kuazima, hazimkai. Mimi ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Asubuhi ile tulikuwa tunamsubiri Waya, fundi wa redio, kwa hamu ambayo watu wema hawana. Habari ilikuwa imemtangulia: mashine ya kutotolea vifaranga aliyomtengenezea shangazi yake, ile aliyotujaza nayo masikio mwezi mzima, ilikuwa imeua mayai yote.

Alipofika, uso umemshuka, akaketi ncha ya ubao.

— Karibu, mkunga, alisema Makasi.

— Nipe kahawa, acha maneno.

— Kahawa ipo. Ila usiipime, isije ikafa.

Waya akapuliza kikombe bila kunywa.

— Mashine ilipasha joto vizuri, alisema. Kosa lilikuwa kwenye skrini. Joto iliandika sawasawa, lakini kwenye unyevu ikaandika sifuri. Shangazi akiona sifuri, anaongeza maji kwenye trei. Kesho anaikuta sifuri ileile, anaongeza tena. Hewa ikalowa mno, vifaranga vikafia ndani ya maganda.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Muhuri.

— Mzee, hiyo wanaambiwa watu wanaoweka akiba.

— Na yeye si ameweka? Ya maji.

Makasi akacheka hadi mteja wake akashika sikio.

— Mimi nasema kipimo cha unyevu ni feki, alisema. Umeokota sokoni.

— Kipimo kizima. Nimekipima jana mwenyewe.

— Basi chipu yenyewe. Imetengenezwa kwenye nchi za baridi, itajuaje jasho la kuku?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Muhuri. Na chipu ina miguu mingi, nimeiona. Lazima mmoja umevunjika.

— Hakuna mguu uliovunjika, mzee.

— Umeihesabu?

Waya akaweka kikombe chini. Nilimhurumia kidogo, lakini si kiasi cha kunyamaza.

— Waya, tueleze tu, nikasema. Huyu mzee sasa hivi ataiita chipu mahakamani.

— Ile chipu ni kompyuta ndogo kama ukucha. Ukitaka iandike kitu kwenye skrini, kuna amri ya kuandika. Unaipa kiolezo, yaani sentensi yenye mapengo: joto, pengo, unyevu, pengo. Halafu unaipa namba za kujazia. Amri hiyo inapokea vitu vingi kadiri utakavyo. Kimoja, vitano, kumi, haikatai.

— Kama wewe na kahawa yangu, alisema Makasi.

— Shida ni kwamba yenyewe haijui imepewa vingapi, wala vya ukubwa gani. Inasoma kiolezo tu. Kiolezo kikisema chota namba fupi, inachota kiasi cha namba fupi, inasogea. Kikisema chota nyingine, inachota palepale ilipofika.

— Bila kutazama inachota nini?

— Bila kutazama.

— Hiyo si amri, ni mlevi jikoni. Chumvi, sabuni, kwake vyote ni unga. Na wewe ndiye uliyempa mwiko.

— Inatumika dunia nzima, Makasi.

— Hata mafua.

Waya akaendelea, sasa akiitazama ardhi.

— Nilibadilisha joto likawa namba ndefu, kwa sababu nilikuwa najumlisha vipimo vingi nipate wastani. Namba ndefu inakaa nafasi mbili. Kiolezo sikukigusa, kikabaki kinasema fupi. Basi pengo la kwanza likachotewa nusu ya joto, na kwa kuwa joto lenyewe ni namba ndogo, lilikuwa limeenea lote humo. Pengo la pili likachotewa nusu iliyobaki, ambayo ni tupu. Tupu ndiyo sifuri. Unyevu wenyewe ulikuwa nyuma yake kwenye foleni, haukuitwa.

Muhuri akakaa wima. Hapo alikuwa nyumbani kwake.

— Yaani shahidi wa pili yuko nje kwenye baraza, na kizimbani umepandisha mkia wa shahidi wa kwanza.

— Ndiyo, mzee. Hivyo hasa.

— Na hakimu akaukubali ushahidi wa mkia.

— Akaukubali.

— Mfuata nyuki hakosi asali, alisema Muhuri, na hakuna aliyejua ya nini.

Makasi alikuwa amefika kwenye hoja kwamba sifuri huishi ndani ya chipu na hutoka ikiona njaa, shangazi yake Waya alipotokea kwenye kona. Alikuwa amevaa viatu vya mpira vya bandani, vina udongo mbichi. Tukasimama.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. Kaeni. Nimekuja kusikia kilichoua mayai yangu.

Waya akamweleza upya, kwa maneno machache zaidi. Mama yule alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo sisi hatukuliweza.

— Kwa hiyo skrini inasema sifuri, na maji ni tele.

— Ndiyo, shangazi.

— Na mimi niliyaona yanatiririka kwenye kioo cha mlango. Nikakupigia simu. Nikakwambia, mwanangu, humu kumelowa kama bafuni. Ukanijibu, shangazi, macho yanadanganya, amini namba.

Waya akainamia kikombe chake.

— Nyuma yako nilisikia watu wanacheka. Mmoja akasema, huyo mama amezoea kuku wa kulalia, skrini ataiwezea wapi.

Mashine ya kunyolea ya Makasi ilikuwa bado inavuma, lakini haikuwa juu ya kichwa cha mtu. Mimi nikatafuta sindano yangu, nayo ilikuwa mkononi.

— Sina ugomvi, alisema. Nina swali moja. Kutoka kwenye benchi hili hadi kwangu ni mtaa mmoja. Kwa nini hata mmoja wenu hakusimama akaja kutazama?

Tukamgeukia Muhuri. Akafungua mdomo, tukaingoja methali, akaufunga.

Shangazi akashika njia aliyojia. Waya akainuka.

— Shangazi, nakuja.

— Kufanya nini? Mayai nimeshayafukia.

— Kutazama.

Hakumkataza, wala hakumngoja.