Historia ya Dada Yetu, Bi Saa Moja

Ndugu waombolezaji, wakubwa wa kazi wa upande huu, wageni wetu mliovuka kutoka upande wa pili, nanyi mliosimama nje kwa kukosa viti, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Saa Moja, na naomba mnivumilie sauti ikikatika, maana akili yangu bado inakataa, Jumatano jioni alikuwa ananigombeza kwa shati la kazi lisilopigwa pasi, na leo Jumapili nasimama mbele ya jeneza lake.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1967, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba yetu karani na mama yetu mshona nguo, na sisi wanne tuliomfuata tulikulia mgongoni kwake. Alianza shule ya msingi mwaka 1974 akamaliza 1980, akaingia sekondari ya wasichana hadi 1984, ambako hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu hajachelewa hata siku moja, na baba aliipenda sentensi hiyo kuliko alama zote. Baada ya hapo alisomea uhazili, akahitimu Novemba 1986.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya mpakani, chumba namba nne, chenye dirisha linalotazama geti la wenzetu, na humo alikaa miaka kumi na moja akichapa barua ambazo nchi mbili jirani huandikiana, zile zinazoanza kwa salamu nyingi na kuishia kwa kukataa. Tarehe 14 Juni 1998 tairi la lori lilipasuka upande wetu, askari wa upande wa pili wakadhani ni risasi, wakajibu kwa kufyatua za kweli hewani, mpaka ukafungwa siku tisa, wagonjwa wakakwama, nyanya zikaoza kwenye malori, hadi wakubwa wa pande zote walipokutana wakaunda Kamati ya Ujirani Mwema, wakaazimia kwamba kila siku, saa moja kamili asubuhi, afisa mmoja wa kwetu atampigia simu afisa mmoja wa kwao, waambiane kama kuna jambo au hakuna. Kwetu aliteuliwa dada, kwao akateuliwa bwana mmoja mpole wa forodha, ambaye sote tunamwita Jirani, na yupo nasi hapa.

Simu hiyo ilidumu miaka ishirini na sita, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Soko letu liliposhika moto mwaka 2006, gari la zimamoto lililofika kwanza lilitoka kwao, na kipindupindu kilipowaingilia wao mwaka 2012, dawa ya maji ilitoka kwetu kabla barua ya kuiomba haijafika, na mwaka 2016, serikali zetu ziliponuniana hadi mabalozi wakaitwa nyumbani, mawaziri hawakusemezana miezi minane, dada na Jirani walisemezana kila asubuhi. Mikataba ilipotiwa saini, wakubwa walipeana mikono mbele ya kamera, dada yuko nyuma anahakikisha kalamu zina wino, nami nilipomtania kwamba hayumo kwenye picha hata moja, alinijibu, "Wewe chai umeiona tamu, sukari umeiona wapi?"

Tarehe 21 Desemba 1991 alifunga ndoa na shemeji yetu seremala, ambaye sasa naye ni marehemu, aliyekuwa akilalamika kwa utani kwamba ameoa mwanamke anayesalimia nchi ya watu kabla ya kumsalimia mumewe. Walijaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa 1993, ambaye ni mwalimu, na wa kiume aliyezaliwa 1996, dereva wa malori, na shemeji alipofariki tarehe 5 Mei 2011 dada hakutaka kuhamia kwa yeyote kati yetu, alibaki peke yake katika nyumba ile ile, mwendo wa dakika kumi na mbili kutoka getini, akipiga simu yake ya asubuhi akiwa jikoni.

Sasa nimefika kwenye ugonjwa na kifo. Karatasi niliyopewa inasema dada aliugua ghafla Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024 na kufariki siku hiyo hiyo, na baba mdogo amenisihi niisome kama ilivyo, kwa kunionea huruma, lakini naomba radhi kwake na kwenu, sitaweza kuisoma hivyo.

Asubuhi ile nilikuwa zamu pale mpakani, dawati la kuingilia nchini, kazi ambayo dada mwenyewe alinifundisha tangu namna ya kushika muhuri. Jirani alisubiri simu hadi saa moja na dakika nne, akapiga yeye mara tatu, haikupokelewa, akatoka ofisini kwake na kandambili, bila pasipoti, akavuka daraja la mpakani mbio, mtu wa miaka hamsini na tisa, saa moja na robo akawa mbele yangu anahema, akaniambia, "Dada yako hajapiga." Ndugu zangu, mimi nilicheka. Nilimwambia, "Jirani, mtu hana ruhusa ya kulala hata siku moja?" Akaniomba niende nikamwangalie, nikasema siwezi kuacha dawati kabla mwenzangu hajaja kunipokea, akasema basi nimpitishe aende yeye, nikamwonyesha waraka uliobandikwa ukutani, wenye saini za pande zote mbili, kwamba kuanzia tarehe 1 Septemba hapiti mtu bila hati ya kusafiria, awe raia awe afisa. Nilimpigia dada mara moja tu, nikajisemea yuko bafuni, nikaita anayefuata kwenye foleni.

Jirani alirudi kwao, nyumbani kwake ni kilomita sita, akaja na pasipoti saa tatu kasoro dakika kumi, nikaigonga muhuri, na kwa kuwa mwenzangu alikuwa amefika tukaenda wote. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, fundi baiskeli wa nyumba ya pili akauvunja, tukamkuta dada sakafuni jikoni, anapumua, macho wazi, hawezi kusema, na katika watu watatu tulioingia alinitazama mimi. Alifariki hospitali saa tano na dakika ishirini, kwa kiharusi, nami nilimbana daktari aniambie kweli, akasema kwamba angefikishwa saa moja na nusu huenda wangekuwa na la kufanya.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na siku hizi tatu nimesikia wengi mkimlaumu dada kwa kuficha, maana hakuna ndugu aliyejua kuwa ana shinikizo la damu tangu 2019, lakini dada hakuficha. Jirani alijua. Kila asubuhi, wakishaambiana kwamba mpakani hakuna jambo, alimuuliza, "Na wewe je?", naye akamwambia, leo kichwa, leo miguu, leo dawa zimeisha, na sisi wanne aliotubeba mgongoni hatukuwahi kuuliza, tulimpelekea mashati apige pasi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye kwa saa mbili, fundi baiskeli aliyevunja mlango bila kuuliza atalaumiwa na nani, majirani waliolala hapa na kupika, na wafanyakazi wenzake wa pande zote mbili, ambao Ijumaa asubuhi walisimama kimya getini, kila mmoja upande wake.

Nimemwacha mmoja kwa makusudi. Leo asubuhi niliomba nikae dawatini nipokee wageni wetu wa msiba, na Jirani alipanga foleni kama msafiri yeyote, ilipofika zamu yake sikuthubutu kumtazama usoni, niliitazama fomu yake, ameijaza kila mstari kwa mwandiko mzuri, na panapoulizwa sababu ya kuingia nchini ameandika, "Kumzika dada yangu." Niligonga muhuri. Jirani, nakuomba msamaha mbele ya watu hawa, sidai jibu leo, ila kiti changu hapa mbele, kati ya watoto wake, ni chako, njoo ukikalie, nami nitasimama nyuma.

Na wewe dada, uliyekuwa ukituamsha sote, pumzika kwa amani, hata kama mimi mdogo wako sitaipata.