Barua ya Mwalimu kwa Fundi Saa

Kijiwe chetu cha kahawa ni benchi la miguu mitatu na tofali moja, kati ya duka la rangi na kibanda cha fundi saa. Asubuhi hiyo fundi saa hakufungua kibanda. Alikuja na karatasi, kaishika kama mtu aliyekabidhiwa kuku mfu wa jirani. Mkewe, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa kapanda basi la alfajiri kwenda kwa dada yake. Mezani kaacha maneno mawili: I'm lonely. Mwenzetu hakujua amfuate au amsubiri.

– Hiyo ni alone, akasema Profesa, karani mstaafu wa mahakama. Yaani yuko peke yake. Shukuru Mungu, bwana, hajaondoka na mtu!

– Kweli, Profesa?

– Kweli wapi! akafoka mchomeleaji tunayemwita Jenereta. Lonely ni upweke. Nimeisikia kwenye filamu, mtu analia mvuani.

– Upweke na mume yupo? Kitanda kimoja, chandarua kimoja? Kisheria haiwezekani.

Jenereta akakuna kichwa.

– Basi ile L ya mbele ni ya "leo". Leo yuko alone, kesho karudi.

– Na Y ya nyuma?

– "Yatapita." Haba na haba hujaza kibaba, herufi hazikai bure.

– Nyie hamjasoma! Profesa akagonga benchi, tofali likayumba. Yule ni mwalimu. Huo ni mtihani! Kakosea makusudi aone kama mume yuko macho. Kata lonely, andika alone, kwa wino mwekundu, umpelekee.

– Lazima mwekundu?

– Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nenda na bluu uone, utarudi unachechemea.

Fundi saa akaanza kupapasa mifuko, anatafuta kalamu.

Dobi mmoja, mgeni mtaani, alikuwa kaja kununua kahawa akanogewa na kesi.

– Samahani, kaka. Kabla ya kuandika, kwa Kiswahili alikuwa kakwambia nini?

Fundi saa akaacha kupapasa mifuko.

– Aliongea jana, fundi saa akasema polepole. Aliongea sana. Ila nilikuwa na saa ya mtu mkononi, na lenzi jichoni.

– Jichoni lenzi, sawa. Masikioni ulivaa nini?

Tukamtazama Profesa. Profesa akachungulia kikombe chake, kitupu.

Fundi saa akainuka, akauliza basi la kwenda kwa shemeji yake hutoka saa ngapi. Benchi zima, hakuna aliyejua.