Fundi Komeo, Aliyebadilisha Kitasa cha Nyumba Yake

Fundi wa vitasa, ambaye wengi wetu tulimwita Komeo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1967, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama muuza vyombo. Alikuja duniani kabla ya siku zake, na bibi yake alipenda kusema kwamba mtoto yule hakusubiri kufunguliwa, alijifungulia mwenyewe. Bibi alikosea, kama tutakavyoona.

Wasifu huu unasomwa na shemeji yake, kaka wa mke wa marehemu. Ilipangwa usomwe na mtu wa upande wa marehemu, lakini mke alikataa. "Wale watampamba," alisema. "Wewe kaka ndiye uliyebeba godoro. Soma wewe." Habari za godoro zinakuja.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1974. Akiwa darasa la sita, mwalimu mkuu alijifungia nje ya ofisi yake, funguo zikabaki mezani. Komeo aliomba spoku ya baiskeli, akafungua mlango kabla mwalimu hajamaliza kufoka. Shule nzima ikampigia makofi. Makofi yalipokwisha, mwalimu mkuu akamtazama vizuri, akauliza, "Na mingine umeshafungua mingapi?" Tangu hapo chaki ikipotea aliitwa Komeo, kengele ikipotea aliitwa Komeo. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1984 bila kugusa hata kalamu ya mtu, na bado wapo waliosoma naye ambao leo wamekuja wameshikilia mikoba yao.

Mwaka 1985 aliingia kwenye karakana ya fundi mmoja mzee, akajifunza kazi pamoja na sharti lake. Fundi akimaliza kufunga kitasa, humkabidhi mteja funguo zote mkononi, kisha hugeuza mifuko yake nje, ya suruali na ya koti, mteja aone. "Mteja akushuku ukiwa umesimama mbele yake," mzee alimwambia, "asikushuku ukiwa umeshaondoka." Komeo alifungua karakana yake mwaka 1992, na sharti lile hakuliacha hata siku moja. Aligeuza mifuko mbele ya mameneja wa benki na mbele ya wajane. Watoto wa mtaani walimwigiza, naye alicheka nao.

Ndivyo alivyompata mke. Mlango wa chumba cha ushonaji ulikwama, akaitwa. Mshonaji mwenyewe alikuwa anashona suti za kiume, na maneno yake yalikuwa makali kuliko mkasi wake. Komeo alitengeneza, akakabidhi funguo, akageuza mifuko. Yule dada aliitazama, akasema, "Mifuko imetoboka hii. Vua koti." Alivua. Tangu siku hiyo hakuvaa tena nguo iliyoshonwa na mtu mwingine. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1993.

Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao, na hawa wawili waliuchukulia msemo huo kama kazi ya kuajiriwa. Walipendana, tena sana. Wakitoka pamoja walishikana mikono mpaka majirani wakaona aibu kwa niaba yao. Lakini kuaminiana hakukuwepo. Komeo alikuwa akiketi pale chumba cha ushonaji, macho kwenye futi ya kupimia.

"Kiuno cha huyo kinapimwa mara ngapi?" angeuliza.

"Mpaka kikae sawa."

"Nipe futi, nimpime mimi."

Dereva mmoja mnene alipimwa na Komeo, na suruali ilipokuwa tayari haikupita mapajani. Mke naye alikuwa na lake. Mume wake alikuwa anaingia nyumba za watu kutwa nzima. "Mwanamke gani huyo," aliuliza, "anapoteza funguo kila mwezi?"

Kila walipogombana mke alisema neno moja tu: "Badilisha." Komeo alileta mkoba wa kazi, akang'oa kitasa cha mlango wa nyumba yake mwenyewe, akafunga kipya, akamkabidhi mke funguo zote, akageuza mifuko. Halafu akabaki upande wa nje. Hapo ndipo shemeji alipokuwa akiitwa kubeba godoro kwenda karakana. Baada ya siku chache mke alipita huko amenuna, akasema, "Kitasa chako kinakwama." Hakikuwa kinakwama. Komeo alikwenda kukitengeneza, na godoro likarudi. Binti yao alipoambiwa shuleni achore familia, alimchora baba nje ya mlango na mkoba wake, na mwalimu alipouliza, alijibu kwamba baba yuko karibu kuingia.

Jambo moja lilimkosesha mke usingizi. Hakuamini kabisa kwamba mume wake hakubaki na ufunguo. Mpishi halali njaa, alisema, na fundi wa vitasa halali nje. Kwa hiyo, kila akitoka, aliweka uzi mwembamba wa cherehani kwenye mlango, toka ubao hadi fremu. Akirudi, uzi ulikuwa mzima.

"Mdogo wangu, uzi haujakatika," shemeji alimwambia. "Si uridhike?"

"Haujakatika kwa sababu anaujua."

"Na kama haujui?"

"Basi kama haingii hapa, anaingia wapi?"

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. La Komeo lilisemwa mpaka likachoka, na halikuja.

Mwaka 2021 marehemu aliambiwa ana shinikizo la damu, akapewa vidonge. Mke alivikuta na kuuliza nani amemnunulia. Ugomvi wao wa mwisho ulikuwa Mei 2024, kuhusu kitambaa cha kichwa kilichokutwa kwenye mkoba wa kazi. Marehemu alisema ni cha mteja. Mwenye kitambaa hajajitokeza mpaka leo; kama yupo hapa, akichukue kwa shemeji, asimfuate mke. Kitasa kilibadilishwa, godoro likabebwa.

Tarehe 6 Juni, mchana, Komeo aliondoka karakana akitembea polepole, mkono kifuani. Alifika nyumbani, akagonga.

"Mama watoto, nifungulie. Sijisikii vizuri."

"Ufunguo unao. Jifungulie."

Mke asihukumiwe na mtu. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na hakika. Alikaa kwenye cherehani akikodolea kitasa, akingoja kizunguke, ili mara hii amkamate na shaka ya maisha yote ipate jibu. Kitasa hakikuzunguka. Akainuka na kufungua aone ameelekea kwa nani, na mume wake, aliyekuwa ameketi ameuegemea mlango, akaangukia miguuni pake.

Alilazwa siku kumi na moja, na mke hakutoka pembeni mwa kitanda. Alimlisha, alimsuta, alimkagua kila muuguzi toka kichwani hadi viatuni. Siku moja alimuuliza, na shemeji alikuwepo, "Sema kweli. Hukuchonga hata mmoja?"

Komeo akacheka kwa shida. "Ningechonga, wewe ungenifungulia lini?" Akapumzika, kisha akasema, "Milango ya watu nimeifungua mwenyewe. Wa kwako nilikuwa nataka kufunguliwa."

Alifariki asubuhi ya tarehe 17 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke.

Hata hivyo mke alikwenda karakana. Alikusanya kila ufunguo uliokuwa ukutani, shemeji akaubeba mzigo huo kwa ndoo, na mmoja baada ya mwingine akaujaribu mlangoni pake. Hakuna uliozunguka. Alikaa kizingitini akalia. "Si angechonga mmoja tu, kaka. Mmoja tu, siku ile angeingia."

Marehemu ameacha mke, binti mmoja ambaye ni fundi umeme, mtoto wa kiume ambaye ni mwalimu, mjukuu mmoja, dada wawili, na shemeji mwenye maumivu ya mgongo.

Suti aliyovaa leo ameishona mke, bila futi, kwa kuwa vipimo vyake anavijua. Juzi alikwenda kwa fundi mwingine wa vitasa, akachongesha ufunguo wa mlango wao. Fundi yule naye aligeuza mifuko yake nje, na kwa mara ya kwanza mke hakutazama. Ufunguo ameuweka kwenye mfuko wa kushoto wa koti la marehemu. Kisha ameushona mfuko ule, asije akaugeuza.

Lala salama, Komeo. Umefunguliwa.