Soko Lililoonekana Tupu: Risala ya Wapiga Picha wa Kibirichia, 1996

Mgeni rasmi, Bwana Mkuu wa Wilaya, pamoja na wote mliofuatana naye,

Makaribisho

Sisi wapiga picha, tukiwa pamoja na akina mama wauza viazi, tunakukaribisha katika kiwanja hiki cha soko. Tunajua umekuja kukikagua kabla ya kutia sahihi kikabidhiwe bwana aliyekiomba. Tunaomba utusikilize kwanza.

Tulikotoka

Hakuna kati yetu aliyesomea kazi hii. Tulijifunza kwa kuharibu filamu. Tunapiga picha nyeusi na nyeupe, kwa sababu hizo tunaweza kuzisafisha wenyewe, katika chumba cha giza nyuma ya duka la Mzee Murungi. Sasa studio za mjini zimeleta picha za rangi na wateja wametuacha. Wenzetu kadhaa wamerudi shambani. Hatuwalaumu.

Tulichojifunza

Filta nyekundu ikiwekwa mbele ya lenzi, anga la buluu huwa jeusi na theluji ya mlima ule pale hung'aa. Filta ya kijani ikiongezwa juu yake, mwanga unaopita huwa kidogo sana hata mchana, na lazima lenzi iachwe wazi muda wa kunywa kikombe cha chai bila haraka. Mawingu hunyooka kama sufu inayovutwa.

Picha yetu bora ya namna hii ilipigwa na mwenzetu Kaberia, hapa hapa, siku ya soko. Mlima ulitoka vizuri hata tukaipeleka kwenye maonyesho ya kilimo.

Shida yetu

Kinachotembea mbele ya kamera wakati huo wote hakiachi alama. Akina mama walikuwa wengi, wakipima viazi, waru kama tunavyoviita hapa, na kubeba magunia. Wote walipotea. Alibaki mmoja, marehemu Ciakuthii, aliyekuwa ameketi juu ya gunia kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba.

Mama Gatwiri alipoiona picha alishika kiuno.

"Kaberia, na mimi niko wapi? Na leso yangu mpya!"

"Ulikuwa unatembea, Mama."

"Sasa ningesimama kama nguzo ya simu, waru ziuzwe na nani?"

Tulicheka sana. Ciakuthii hakucheka. Alisema, "Ningekuwa na miguu mizuri, hata mimi singekuwa hapo."

Bwana mmoja wa kamati ya viwanja aliipenda, akaomba nakala kubwa. Tulifurahi, tukamchapia iliyo safi kabisa. Baadaye tulisikia imewekwa mezani pa kamati kama ushahidi kwamba siku ya soko kiwanja hiki hakina mtu, isipokuwa bibi mmoja anayepumzika. Hatusemi alikusudia ubaya. Labda aliamini macho yake. Tulipokwenda kumweleza habari za filta, alituuliza, "Kwani kamera inaweza kudanganya?" Tulijaribu kujibu, lakini watu wengine walikuwa wanamngoja.

Mabati ya ua yameshaletwa, mnayaona pale. Akina mama wameambiwa wahamie kando ya barabara, ambako malori hupita kwa kasi.

Ombi letu

Hatuombi kamera wala karatasi. Tunaomba usitie sahihi kwa sababu ya picha yetu.

Tena tunaomba usimame nasi. Kaberia ameweka kamera juu ya mawe yale, mahali pale pale, na filta zile zile mbili. Akina mama wametua magunia. Leo hakuna atakayetembea mpaka kifuniko kirudi kwenye lenzi. Baridi ni kali, na wengine wana watoto mgongoni. Watoto watatikisika, hao tutawakosa. Gunia la Ciakuthii tumeliacha mahali pake.

Tunaomba Mungu akufikishe nyumbani salama, naye ampumzishe mama yetu aliyetutangulia.

Tunajua una safari nyingine. Ukilazimika kuondoka katikati hatutakulaumu. Ila katika picha, mahali uliposimama pataonekana nyasi tu.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Wapiga Picha wa Kibirichia,
kwa sauti ya katibu, Kirimi.