Karatasi Moja Niliyoipeleka Nairobi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo chetu cha Ufundi hapa Pasiansi, Mwanza, walimu wangu, Mama Urvi na wafanyabiashara wenzako mliotoka Nyamagana, ndugu wageni waalikwa, wanafunzi, na zaidi ya wote wewe Mwalimu Nkwabi Shigela unayestaafu leo, pamoja na mama Selina aliyeketi ubavuni pako: wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za mchana.

Mimi ni Getruda Maige. Ratiba imenipa dakika tano niseme kwa niaba ya wote waliopitia darasa la uchoraji, darasa linalofungwa leo pamoja na mwalimu wake, maana kuanzia Jumatatu chumba chetu kitakuwa cha kupiga chapa. Nilikuwa nimeandika maneno matamu. Nimeyakunja, kwa sababu Mheshimiwa, uliponitangulia hapa ulisema kwamba mwaka 1994 kazi ya Mwalimu Nkwabi ilisifiwa na studio za katuni za Nairobi, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Wewe hukukosea, umesoma ulichoandikiwa. Aliyekosa ni mimi.

Niwaeleze tulivyokuwa tunafundishwa. Biashara zilipofunguliwa, maduka ya mjini yalijaa kila kitu, hata karatasi za rangi za kufungia zawadi, lakini darasa letu zima lilipewa karatasi moja ya kuchorea kwa muhula. Sasa utafundishaje picha zinazotembea, zinazotaka michoro mamia, kwa karatasi moja? Mwalimu alichora ng'ombe amelala. Tukamzunguka wote ishirini na wawili, tukatazama. Akafuta kwa raba, akapuliza vumbi lake, akamchora tena, safari hii kainua matako kidogo, maana ng'ombe huanza kuinuka nyuma. Akafuta. Akachora. Mpaka saa ya chakula ng'ombe alikuwa amesimama, amejikung'uta, amepiga hatua tatu kwenda kunywa maji ziwani. Nawaapia, alikuwa hai! Malimi, yule pale nyuma anayecheka, alisogeza mguu ili asikanyagwe.

Tukamwuliza, "Mwalimu, na kamera?" Akasema, "Jifunzeni kwanza kumtembeza ng'ombe. Kamera itakuja." Tukafanya hivyo miaka yote. Korongo akaruka, mama akatwanga, mtumbwi ukageuzwa kifudifudi ufukweni. Chora, futa, chora.

Ndipo nikachaguliwa mimi kwenda kutazama studio mbili za Nairobi. Niliondoka na begi la shangazi na karatasi yetu ya muhula ule, imefungwa kwenye kanga isije ikakunjika. Studio ya kwanza walikuwa wakitengeneza tangazo la sabuni, wakanitembeza haraka haraka, wakanipa soda. Ya pili nilipokelewa na Mzee Odeta, Mjaluo mpole mwenye miwani minene, ambaye kazi yake kwa miaka ishirini ilikuwa kuchora michoro ya katikati, ile inayounganisha hatua na hatua. Watu walikaa mbele ya meza za kioo zenye taa chini yake, na kila mmoja alikuwa na rundo la karatasi refu kuliko mto wa kulalia. Nilitazama marundo yale, nikaifungua kanga.

Akasema, "Haya binti, tuone kazi ya Mwanza."

Nikampa karatasi.

"Na zile zingine ziko wapi?"

"Zote zilikuwa hapo hapo, mzee. Tulizifuta."

Hakucheka. Wenzake walicheka, yeye hapana. Aliiweka juu ya kioo, akawasha taa. Karatasi ilikuwa imelika kwa raba mpaka mwanga ukapenya, na ndani yake kukaonekana mikwaruzo ya miguu, mabawa, mchi, pembe, vyote vimerundikana. Akasema, "Binti yangu, huyu mwalimu wenu anajua. Lakini hapa hakuna mtu anayeweza kuvitenganisha tena. Kama kila mlipochora mngepiga picha moja kabla ya kufuta, hii ingekuwa filamu. Mlikosa kamera moja tu, hata mbovu." Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayekupa rambirambi.

Niliporudi, Mwalimu alikuwa stendi tangu asubuhi, shati limepigwa pasi. "Wamesemaje?" Nikasema, "Wamesema ng'ombe wako anatembea kuliko wa kwao." Alifurahi jamani! Akaendelea na raba yake miaka miwili zaidi, na mimi nikimtazama anafuta, kila siku anafuta, nami nimefunga mdomo. Mwaka jana akapooza mkono wa kulia. Mwalimu, ningesema ukweli siku ile pale stendi, tungeitafuta kamera ungali na mkono.

Kwa nini nayasema leo, mbele za watu, nimharibie mzee sherehe yake? Kwa sababu ya lile boksi la bluu pale kwenye meza ya zawadi. Jumanne Mama Urvi aliniita dukani kwake nimsaidie kulifunga. Ni kamera ya sinema ya marehemu mkwewe, aliyokuwa akipigia picha harusi. Nikamwuliza ilikuwa wapi siku zote. Akasema, "Kabatini hapa. Mngesema tu, ningewapa." Mama Urvi, huna kosa, zawadi yako ni ya moyo. Hatukuwahi kukuuliza. Kutoka hapa mpaka dukani kwako ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na katika miaka kumi na mmoja ya darasa hili hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuuliza.

Mwalimu Nkwabi, nimetaka uyasikie kwangu kabla hujafungua. Ng'ombe wako hayupo popote. Tuliomwona akiinuka ni sisi ishirini na wawili, wawili tumeshawazika, na sisi tuliobaki tukiondoka naye ameondoka. Nisamehe kama unaweza, na usipoweza nitaelewa.

Wageni wetu, nawashukuru kwa kunisikiliza hata mahali ambapo mngependa ninyamaze. Asanteni. Sasa mama Selina, msaidie mzee kukata kamba ya boksi.