Vidole Kumi vya Bi Roswitha Kächele

Ijumaa tarehe 28 Juni, baada ya miaka arobaini na moja katika karakana yetu ya kutengeneza zana za umeme, Bi Roswitha Kächele atavua koti la kijivu na kustaafu. Alianza mwaka 1983, mwanamke pekee kati ya mafundi kumi na tisa, na wengi walimpa wiki mbili. Wote hao wameshastaafu kabla yake.

Uchunguzi wake huanza na pua. Mteja mmoja alileta drili akiapa kwamba imekufa ghafla tu alipokuwa akitoboa tundu la kuning'inizia picha ukutani. Bi Kächele akainusa, akamtazama yule bwana, akasema, "Picha hiyo ilikuwa ya saruji?" Maskini akakiri kwamba alikuwa ameitumia kukorogea plasta. Mwingine alilalamika kwamba drili yake haitoboi, kumbe alikuwa akiizungusha kinyumenyume. Bi Kächele akarudisha swichi mahali pake bila kuonekana, akamwambia, "Ilichoka tu, imepumzika sasa." Hakuwahi kumwaibisha mtu mbele ya kaunta. Ndiyo sababu haya ninayotaka kusimulia hapa hamjawahi kuyasikia, na najua mtashtuka.

Ilikuwa Jumapili moja ya Machi, miaka mitano iliyopita. Nilialikwa kwake kwa kahawa na keki saa tisa. Tukiwa mezani, mumewe Eugen akaanza uchokozi: "Mafundi wawili mnashindilia keki, na msumeno wangu umekufa huko chini. Aibu hamna?"

Tukateremka kwenye karakana yake ya nyumbani, chini ya nyumba. Ulikuwa msumeno wa umeme wa duara. Bi Kächele akaunusa: haukuungua. Akaulaza mapajani, akarudisha nyuma kinga kwa vidole vyake, akaanza kukagua meno. Mimi nikashika plagi. Kila fundi hufanya hivyo, hata akikataa: unachomeka, unatikisa waya karibu na mpini, unasikiliza. Plagi ilikuwa imebakiza upana wa kidole kuingia kwenye soketi.

"Ansgar! Leo Jumapili!" akanikemea. "Unataka Pfleiderer atuitie polisi?"

Mnamjua Bwana Pfleiderer, jirani ambaye siku ya Jumapili husikia hata msumari ukianguka. Katika mji wetu mtu anaweza kukusamehe mengi, lakini si kelele za mashine siku hiyo. Nikaweka plagi chini, nikacheka.

Kwa hiyo ikabidi kutafuta ubovu kimya kimya, kwa bisibisi na mita. Waya ulikuwa umekatikia ndani, pale unapoingia kwenye mpini, ukiusogeza unagusana. Tukadhani tumemaliza. Yeye hamalizi hivyo. Akapima swichi pia, hakuna aliyeibonyeza, na mita ikalia kuonyesha umeme ungepita. Swichi ilikuwa imeganda ikiwa imewaka. Springi yake ilikuwa imefungwa kinyume, ikateleza.

Ningechomeka na kutikisa waya, meno yale yangezunguka papo hapo, mapajani mwake, na vidole vyake vikiwa hapo hapo.

Bi Kächele akakaa juu ya ndoo. "Vidole vyangu vilikuwa hapa," akasema, akivionyesha. Eugen hakuwa na utani tena. Kisha mkewe akaugeuza msumeno na kusoma stika ya ukaguzi, ile tunayobandika baada ya kila matengenezo. Ilikuwa ya karakana yetu, ya wiki tatu nyuma. Saini ilikuwa yangu.

Akaniuliza, "Umefunga mingapi ya aina hii?"

Kumi na minne.

Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa kwa mkuu wa karakana. Kabla ya saa sita wateja wote walikuwa wamepigiwa simu waache kuitumia misumeno hiyo. Tuliifungua yote sisi wawili, na miwili mingine ilikuwa na springi kinyume. Mmoja ulikuwa wa mzee aliyestaafu kazi ya reli, aliyekuwa akijenga banda la kuku. Mkuu alipouliza ni nani aliyekosea, Bi Kächele alijibu, "Idara." Nami nikanyamaza, na kimya kile nimekibeba miaka mitano. Leo nakitua: aliyekosea ni mimi.

Tangu hapo hakuna msumeno unaotoka kwetu kabla swichi haijapimwa plagi ikiwa mezani. Vijana wanaiita kanuni ya Jumapili na hawajui ilikotoka. Sasa mmejua.

Bi Kächele, asante kwa pua yako, kwa ukali wako, na kwa jibu lile la neno moja. Eugen anasema rafu aliyotaka kuikatia mbao kwa msumeno ule inakusubiri tangu wakati huo. Uliingia hapa na vidole kumi, unatoka na kumi, na hilo kwa fundi wa misumeno si jambo dogo. Maisha yako ya kupumzika yawe marefu na yenye heri, vidole vyote kumi vikifaidi. Na umsalimie Bwana Pfleiderer. Mwambie Ansgar ana deni kwake la shukrani ambayo hataielewa kamwe.