Panya wa Kapu Moja

Mgeni rasmi, Daktari Hyacinthe, mwanzilishi wa kituo hiki. Wazee wa mtaa na majirani: amahoro, amani iwe kwenu.

MAKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa kituo cha panya, Rumonge, tunakushukuru kwa kupita barabara ya Gitaza mwaka huu wa 2003, wakati madereva wengi wanageuzia gari njiani kwa hofu ya vita. Karibu sana.

KAZI YETU

Ulituachia vizimba viwili. Chini ya kimoja, simu ya mkononi huwashwa kutwa. Chini ya kingine hakuna kitu. Kila wiki panya wa pande zote mbili hutafuta chakula ndani ya sanduku la vichochoro, nasi huandika nani amepotea njia. Mwishoni ulipanga kuchunguza bongo zao, ijulikane kama mawimbi ya simu yanadhuru.

Mlezi wao ni Biasha, msichana wa maneno machache aliyesomea biolojia. Vita vilipokata njia ya chakula, aliwalisha mashudu ya mawese na vichwa vya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Hakufa hata mmoja.

YALIYOTUPATA

Mwezi uliopita risasi zililia upande wa Kizuka. Watu wakashuka ziwani. Vizimba ni vizito, kwa hiyo Biasha aliwatia panya katika makapu mawili ya ndagala, kila kundi na kapu lake, akakimbilia mtumbwi wa mvuvi Maneno.

"We Biasha!" Maneno akacheka. "Wenzako iko wanabeba magodoro, wewe unabeba panya?"

"Hata wao wanasikia risasi, kaka."

Nyuma yake akafika mama Consolée, jirani yetu mwenye mguu mbovu. Nafasi ilikuwa imekwisha.

"Tupa kapu moja, dada, mama akae!" Maneno akapaza sauti.

Biasha akayatazama makapu, akamtazama mama. Hakutupa. Alimimina kapu moja ndani ya jingine, akamvuta mama Consolée kwa mkono. Njiani maji yakaingia, na wino tuliowapaka mikiani ukafutika. Tangu siku hiyo hatujui panya yupi ni wa simu.

UGUMU ULIOPO

Mmoja wetu, ambaye hatumtaji kwa kuwa ameketi hapa, alisema, "Wanaopotea njia tuwaweke upande wa simu, kwisha."

Biasha akamjibu, "Hapo panya hatakuwa amejibu. Tutakuwa tumejibu sisi."

Tukakubaliana naye. Ndiyo maana leo umekuta vizimba havina kibandiko.

MAOMBI

Tunajua utafiti umeharibika, na kwamba anayeharibu hufukuzwa. Tunaomba Biasha abaki. Tunaomba panya wapya, na alama isiyofutwa na maji.

Na hawa wa zamani, mgeni rasmi, hawawezi tena kukuambia lolote kuhusu simu. Kufungua vichwa vyao sasa ni kuwaua bure. Tunaomba waachwe wazeeke. Chakula chao tutakitafuta wenyewe.

Mungu akufikishe Bujumbura ukiwa mzima, na aipe nchi hii usingizi wa kutosha. Murakoze, asante sana.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kituo cha Panya, Rumonge